Siku nne Kilwa: nilipanga kwa saa, nahodha akapanga kwa maji

Jumapili, siku kumi na moja kabla

Safari hii ilianza kwa ubishi. Mdogo wangu anafundisha historia sekondari, na kila mwaka anawachorea wanafunzi ubaoni ramani ya mji ambao yeye mwenyewe hajawahi kuukanyaga. Mimi shida yangu ilikuwa bahari tu: mchanga, upepo, samaki wa kukaanga, na simu iwe mbali. Tukagawana kazi. Yeye achague pa kwenda, mimi nichague tarehe. Akachagua Kilwa bila hata kupumua. Nikajiona nimepewa kazi ndogo, kumbe mwenye tarehe ndiye mwenye safari.

Nikachagua wikendi ya mwezi mpevu, mwezi wa nane. Sababu ilikuwa picha, sina la kuficha. Nilishajiona nimekaa ufukweni usiku, mbalamwezi juu ya maji.

Ratiba nikaiandika nyuma ya daftari la mahesabu. Alhamisi, basi. Ijumaa saa nne asubuhi, baada ya chai ya taratibu, kuvuka kwenda Kisiwani. Saa sita tumemaliza magofu, saa nane tuko mezani. Jumamosi, Songo Mnara. Jumapili, Kivinje asubuhi na basi la kurudi mchana. Nikampelekea mdogo wangu kwa simu, akajibu kwa neno moja: "Safi." Mwalimu wa historia huyo. Angekuwa wa jiografia labda angeshtuka.

Kwa asiyezijua, Kilwa ziko tatu. Kilwa Masoko ndiyo makao makuu ya wilaya, bara, penye stendi, nyumba za wageni na ufukwe wa Jimbizi. Kilwa Kivinje ni mji wa zamani ulio kaskazini kidogo, wa biashara ya misafara na wa Wajerumani. Kilwa Kisiwani ndiyo yenyewe, ile ya vitabuni, ng'ambo ya mlango mdogo wa bahari ukiwa Masoko. Magofu yake na ya Songo Mnara yaliingizwa kwa pamoja kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981. Na tafadhali, Songo Mnara si Songo Songo. Songo Songo ni kisiwa kingine, cha gesi. Rafiki yangu mmoja alinitakia safari njema ya "kwenye gesi" na sikupata nguvu ya kumsahihisha.

Jumatano usiku

Begi moja kila mtu. Kofia, khanga mbili (moja ya kujifunga nikipita kijijini, moja ya kulalia kwenye basi), maji, tochi, dawa ya mbu. Pesa taslimu za kutosha, maana nahodha hapokei kadi. Kitambulisho cha taifa, kwa sababu kiingilio cha raia ni tofauti na cha mgeni na utaulizwa. Mdogo wangu alitaka kubeba vitabu vinne. Nikampa ruhusa ya kimoja. Mimi nikabeba raba nyeupe mpya, kosa ambalo nitalieleza.

Alhamisi

Mbagala, Dar es Salaam, saa kumi na mbili kasoro, giza bado. Wapiga debe wanaita Lindi, Mtwara, Masasi, kila mmoja akikuvuta kana kwamba mmezaliwa pamoja. Basi letu likaondoka saa kumi na mbili na nusu.

Barabara ni lami mwanzo mwisho, kama kilomita mia tatu. Mama yetu alipita huku zamani kwenda kufundisha Lindi, na hadithi zake zote zina pantoni ya Ndundu ndani yake: kulala foleni mtoni, masika matope, malori yamezama hadi milango. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003 na likaua hadithi hizo kwa siku moja. Tulivuka Rufiji nikiwa natafuna kachori; mto mpana, wa rangi ya chai ya maziwa, halafu ukaisha. Mdogo wangu akapiga picha na kumtumia Mama. Mama akajibu, "Mmefika saa ngapi hapo?" Tukamwambia. Akatuma kicheko kirefu.

Lakini njia hii ya kusini haijaacha kabisa ukorofi wake. Mwezi wa tano mwaka 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya ziliikata barabara hii na magari yakakwama siku kadhaa. Ndiyo maana masika sikuyafikiria hata kidogo. Kipupwe ni salama zaidi barabarani. Baharini ni kesi nyingine, na sikuijua.

Pancha baada ya Ikwiriri, saa nzima na zaidi. Nangurukuru, basi likaacha barabara kuu na kukata kushoto kuelekea pwani. Tulishuka Masoko saa tisa kasoro, na badala ya kutafuta chumba tukaenda moja kwa moja kuomba kibali, begi mgongoni. Hili nalishauri kwa mtu yeyote: kisiwani huendi bila kibali, magofu siku hizi yako chini ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori, na kibali kinatolewa saa za kazi. Tuliwakuta bado wapo. Tukaandika majina, tukalipa, tukapewa risiti na mwongozaji wa kesho yake.

Mwongozaji ni kijana mpole, mwenyeji wa Kisiwani. Akatupeleka kwa nahodha, mzee wa makamo aliyekuwa ameketi chini ya mwembe akishona neti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kesho mnataka kuvuka saa ngapi?"

"Saa nne," nikasema, kwa sauti ya mtu mwenye ratiba.

Akaacha sindano. Akatazama juu, ingawa mwezi ulikuwa bado haujatoka. "Saa nne mtavuka kwa miguu, binti yangu. Hili ni bamvua."

Nikapata darasa langu pale pale, nimesimama. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji yanajaa sana na yanakupwa sana. Hilo ndilo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, maji hayapandi sana wala hayashuki sana. Hayo ni maji mafu. Na kwa pwani yetu saa zake hazibadiliki sana: bamvua linajaa alfajiri na alasiri, karibu na saa kumi, na linakupwa saa nne za asubuhi na za usiku. Kila siku linachelewa kidogo, chini ya saa moja. Kwa hiyo mimi, kwa ajili ya picha za mbalamwezi, nilikuwa nimechagua siku ambazo bahari huondoka asubuhi, na ndani ya siku hizo nikachagua saa ambayo huwa imekwenda mbali kabisa.

"Saa moja hapa," akasema nahodha. "Si saa moja na chai. Saa moja."

Ijumaa

Saa moja na dakika arobaini. Sitaki kuzungumzia nani alikuwa anatafuta chaja ya simu.

Nahodha hakugomba. Alitazama tu maji, akatazama raba zangu nyeupe, akacheka puani. Boti ikawashwa. Masoko ikawa nyuma yetu, na mbele kwenye ukingo wa kisiwa likaanza kukua jengo la Gereza, ukuta mpana wa rangi ya mfupa. Wareno walijenga ngome mwaka 1505 walipouteka mji, wakaiacha miaka michache baadaye. Jengo linaloonekana leo kwa sehemu kubwa ni la Waomani, la karibu mwaka 1800. Ukiwa majini huwazi miaka. Unaona mlango mkubwa unakutazama.

Kisha tumbo la boti likakwaruza mchanga. Injini ikazimwa. Tulikuwa bado mbali na ufukwe, mbali kiasi cha kwamba mwanamke aliyekuwa akiokota chaza pale mbele alionekana kama kijiti.

"Shukeni," akasema nahodha. Nikavua raba, nikazifunga shingoni kwa kamba zake. Mwongozaji alikuwa na yeboyebo, na mdogo wangu pia, kwa sababu wanafunzi wake wa pwani walimwambia. Mimi peku. Maji magotini, halafu kifundoni, halafu matope na majani ya bahari yanayoteleza, na kila hatua nikipapasa kuvikwepa vile vidude vyeusi vya miiba.

Hapo katikati mwongozaji akaanza kutusimulia, na sijawahi kusikia hadithi mahali pake hasa namna ile. Ni ile ya tarikhi ya Kilwa. Ali bin Hasan, mtu wa Shirazi, Uajemi, alifika akamkuta mwenye kisiwa, akataka kukinunua. Bei ikawa nguo: nguo ya kuzunguka kisiwa kizima. Akailipa. Mwenyeji akachukua nguo zake akavuka bara, lakini moyoni alikusudia kurudi na watu wake kukitwaa tena kisiwa, maana zama hizo maji yakikupwa mtu alivuka kwa miguu. Ali akalijua hilo. Akachimba mlango wa bahari ukawa na kina, na yule bwana aliporudi akakuta maji.

"Hakuchimba vya kutosha," nikasema, matope yamenifika kwenye mashavu ya miguu.

Mdogo wangu akasema wanahistoria wengi hawakichukui kisa hicho kama kilivyo, kwamba mji ulikuwa wa Waswahili tangu mwanzo na Ushirazi ni namna ya watu kujieleza asili. Akaendelea hivyo hadi nchi kavu. Mwongozaji akamsikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Sawa mwalimu, lakini nguo zilikuwepo."

Msikiti Mkuu. Nilikuwa nimeuona kwenye picha mara nyingi, na picha zote zinaukosa ubaridi wake. Unatoka juani, unaingia kati ya nguzo na matao, na jasho linakauka. Sehemu ya kaskazini ndiyo kongwe, ya karne ya 11. Ile pana ya kusini, yenye makuba, iliongezwa karne ya 14, ikaanguka, ikajengwa upya karne ya 15. Hapa na pale paa limefunguka na mwanga unashuka kama nguzo nyingine.

Nilisogea ukutani nikaweka jicho karibu. Jiwe si jiwe. Ni matumbawe, na ukitazama vizuri unaona vitobo vidogo vidogo vimepangana kama masega ya nyuki, nyumba za wadudu wa baharini waliokufa kabla ya mjenzi kuzaliwa. Mwongozaji akaeleza kuwa yale matumbawe laini huchongwa yakiwa bado mabichi, yametoka majini, maana yakikauka yanakuwa magumu. Ndiyo yaliyotoa kingo za milango na mihrabu. Ukuta wenyewe ni mawe magumu ya matumbawe ya kale, na chokaa yake ni matumbawe hayohayo yaliyochomwa. Mji mzima ulitolewa baharini.

Karibu na saa sita na nusu nahodha akaja kutoka ufukweni ameshabadilisha kikoi na kuvaa kanzu. "Mimi naenda Ijumaa," akasema, akielekea msikiti wa kijijini. "Boti itaelea saa nane, saa nane na nusu. Msinikimbilie." Kisiwani wanaishi watu, ingawa wageni wengine hulisahau hilo. Wana mashamba, minazi, mbuzi, shule, na magofu yako katikati ya maisha yao.

Na mdogo wangu akashika kichwa. "Dada, leo ni Ijumaa!"

Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika hapa mwaka 1331. Anasimulia kwamba alimwona sultani, al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, baba wa vipawa, akitoka kwenye swala ya Ijumaa. Fakiri mmoja wa Yemen akamzuia njiani akamwomba nguo alizovaa. Sultani akasema atampa. Fakiri akasema, sasa hivi. Sultani akarudi, akaingia nyumba ya khatibu wa msikiti, akabadilisha, akamkabidhi zile nguo. Watu wakasifu unyenyekevu wake. Kisa hakiishii hapo, ingawa vitabu vingi vya shule hukikatia hapo: mtoto wa sultani alizirudisha zile nguo kwa kumpa fakiri watumwa kumi, na sultani mwenyewe akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe. Mdogo wangu anawasomea wanafunzi hadi mwisho. Anasema ukikata mkia huo, hujui utajiri ulitoka wapi.

Dhahabu pia ilitoka kusini, kupitia bandari ya Sofala, Msumbiji ya leo, na Kilwa ikawa na mkono wake juu ya biashara hiyo. Sarafu ya shaba ya sultani huyu imepatikana Great Zimbabwe. Nyingine za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, Australia, na watu bado wanabishana zilifikaje. Kinachonifurahisha mimi ni kwamba maneno ya upande mmoja wa sarafu yana vina na ya upande wa pili. Watu waliotia mashairi kwenye chenji.

Kwa ratiba yangu ya daftarini, saa hiyo tungekuwa tumeshamaliza na tunajiandaa kwa chakula cha mchana. Husuni Kubwa sikuwa nimeiandika kabisa, iko pembeni, mwendo wa dakika ishirini hivi juani. Lakini boti ilikuwa imelala ubavu mchangani kama ng'ombe, na nahodha yuko kwenye swala. Tukaenda.

Njia inapita kwenye minazi na mibuyu. Bibi mmoja mbele ya nyumba alitupa mihogo ya kuchemsha, akakataa pesa, kisha akamkubalia mwongozaji ampe mjukuu. Halafu kilima kidogo, na kasri. Jina linasema husuni, ngome, lakini hakuna aliyepigana hapa. Ilikuwa nyumba ya al-Hasan bin Sulaiman huyohuyo, vyumba zaidi ya mia moja juu ya jabali, ngazi zinashuka hadi majini. Inaonekana haikukamilika kamwe. Leo ni kuta za kiunoni na za kifuani, nyasi, mijusi. Na birika la pembe nane.

Nilikaa ukingoni mwake. Kila upande una umbo lake, na kingo zimekwanguliwa na mvua za miaka karibu mia saba, ila pembe bado zinahesabika: nane. Upepo wa kusi ulikuwa unapanda kutoka chini. Nikafikiria huyo bwana amekaa hapa miguu ndani ya maji, anatazama majahazi yanaingia. Sikupiga picha. Si kwa hekima. Simu ilikuwa imezima chaji, ile chaja niliyoitafuta asubuhi haikupatikana.

Wakati wa kurudi mdogo wangu aliokota kigae njiani, kidogo kama ukucha, cha rangi ya kijani ya mng'ao. Cha Uchina, akasema, sauti imebadilika. Akakigeuzageuza. Mwongozaji akanyoosha mkono bila neno, akakichukua na kukirudisha mahali pake palepale, akakisukuma udongoni kwa kidole gumba. "Kila mtu akichukua kimoja," akasema, halafu hakumaliza.

Boti ilielea saa nane na dakika ishirini. Tulipanda tukitokea ufukweni, miguu mikavu. Pale nilipopapasa asubuhi palikuwa na maji ya kijani kibichi ya kumzamisha mtu.

Usiku, Jimbizi. Mwezi ulitoka kama sinia. Saa nne maji yalikuwa yamekwenda zao, na mbalamwezi yangu ikamulika matope na kaa. Samaki alikuwa mtamu, lakini.

Jumamosi

Songo Mnara haikuwezekana. Nahodha alikataa kabla hatujaomba: kusi limechachamaa, kisiwa kiko upande wa kusini, unakwenda ukipigwa usoni mwendo mrefu, na ukifika unateremka kwenye mikoko ambako kwa bamvua la asubuhi utatembea majini na matopeni kuliko jana. Mdogo wangu alinuna. Kule kuna nyumba za mawe za karne ya 14 na 15 ambazo bado unaona vyumba vyake, na alikuwa amebeba kile kitabu kimoja kwa ajili yake. Nilijaribu kumtafutia nahodha mwingine, na nilimpata, kijana, aliyesema twende tu. Nikaitazama boti yake, nikatazama makoti ya kuokolea ambayo hayakuwepo, nikamshukuru.

Tukaileta Kivinje mbele. Hiace hadi njia panda, bodaboda hadi pwani. Kivinje inaanguka polepole mbele ya macho yako: nyumba za ghorofa zimebaki kuta, boma la Wajerumani linatazama bahari, mizizi inapasua madirisha, na chini yake watu wanauza dagaa na kucheza bao kama kawaida. Karne ya 19 misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa iliishia hapa, na mizigo yake ilikuwa pembe na watu. Tulisimama Mwembe Kinyonga, jina linalojieleza lenyewe. Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga Wajerumani, alinyongwa kwenye mwembe mjini hapa mwaka 1895, miaka kumi kabla ya Maji Maji. Hatukukaa sana. Mdogo wangu hakufundisha kitu.

Jioni nikaogelea hatimaye. Saa kumi na moja maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye miti, vuguvugu, na ufukwe mzima tulikuwa sisi na watoto watatu wanaorukaruka kutoka kwenye ngalawa.

Jumapili

Basi la saa mbili na nusu. Nahodha alikuja stendi kumpokea mgeni wake, akatukuta tunanunua korosho. Mdogo wangu akamwuliza waziwazi: Songo Mnara, lini?

Mzee akahesabu kwa vidole, akitumia mafundo ya kila kidole, midomo ikicheza. "Kusi liache. Njooni tanga mbili, mwezi wa kumi na moja hivi, upepo haujajua unaelekea wapi. Na njooni mwezi ukiwa na siku saba au nane. Maji mafu. Asubuhi yanakuwa yamejaa, unaingia hadi ndani."

"Tarehe ngapi, mzee?"

"Hizo tarehe ni zenu."

Ndani ya basi nilifungua lile daftari la mahesabu. Mdogo wangu alikuwa ameshalala na khanga yangu. Nikapiga mstari kwenye ratiba ya zamani, na chini yake nikachora mwezi nusu. Nikaandika pia: yeboyebo.